Handaki, Tuta na Mpaka: Kuisoma Historia katika Udongo wa Ufipa

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuhubiri katika mkutano wa Injili kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, upande wa Msanzi, kusini ya mji wa Sumbawanga. Nikitaka kuonyesha ukuu wa neema, niliwaambia wasikilizaji kwamba kabla ya kuja kwa wamisionari nchi hii haikuwa na utaratibu wa kazi wala historia yenye kukumbukwa. Baada ya ibada mzee mmoja alinisogelea, akanisalimu kwa heshima, kisha akasema: "Baba Mchungaji, habari za wokovu umetufundisha vema. Lakini hili la kwamba hatukuwa na utaratibu, basi tuta tulifundishwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilitabasamu, nikamshukuru, nikaingia garini. Makala haya ni jibu lililochelewa. Yanakusudia kuwasaidia wachungaji na wanafunzi wa theolojia kuzisoma alama ambazo watu wa kale wameziacha katika ardhi, yaani mahandaki, matuta, mipaka ya mashamba na mahame, na kuonyesha kwamba jinsi tunavyozisoma alama hizo si jambo dogo. Msomaji mvivu wa ardhi huwa pia shahidi wa uongo juu ya jirani yake, hata kama anasimama madhabahuni.

1. Zama za Kati ni zipi kwetu?

Wanahistoria wa Ulaya huita Zama za Kati kipindi cha takriban miaka elfu, kati ya mwaka 500 na 1500 B.K. Katika nchi kama Uingereza kipindi hicho kimeacha alama zinazoonekana hata leo: mahandaki yaliyojaa maji kuzunguka nyumba za mabwana, na mawimbi ya ardhi yaliyotokana na kulima vipande virefu vya shamba mwaka baada ya mwaka kwa plau. Vijiji vingine vilihamwa, mashamba yakageuka malisho, na nyasi zikayahifadhi mawimbi hayo. Tangu miaka ya 1920, picha zilizopigwa kutoka ndegeni zimewasaidia sana wanaakiolojia kuyatambua, kwa maana jua la asubuhi au la jioni huonyesha kivuli cha kila mwinuko.

Jina hilo la Zama za Kati si letu, na hatulazimiki kulichukua. Lakini miaka yenyewe ilikuwa pia miaka yetu. Katika bonde la mto Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, si mbali na Msanzi, J. Desmond Clark alianza mwaka 1953 uchunguzi uliolifanya eneo hilo kujulikana duniani kote. Sifa yake kubwa ni vitu vya kale mno: mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba magogo yaliyochongwa na kuunganishwa yaliyopatikana hapo yana umri usiopungua miaka 476,000. Lakini juu ya tabaka hizo za kale kuna tabaka nyingine ambazo hazisemwi sana, nazo ni za wakulima waliojua kufinyanga vyungu na kutumia chuma, waliokaa bondeni humo katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Basi wakati watawa wa Ulaya walipokuwa wakifyeka misitu na kuchimba mitaro ya konde zao, huku nako watu walikuwa wakilima, wakipika na kuzika wafu wao. Swali si kama palikuwa na historia. Swali ni kwa nini hatuioni.

2. Kosa la kumtafuta mgeni

Sababu ya kwanza ya kutoiona ni mazoea ya kumpa mgeni sifa ya kazi iliyofanywa na mwenyeji. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliandika juu ya mashimo, mahandaki, matuta ya mawe na njia za kale zilizoonekana katika nyanda za juu za Kenya. Alipendekeza kwamba vyote vilikuwa masalio ya ustaarabu mmoja aliouita wa Azania, wa watu waliokuja kutoka kaskazini kisha wakatoweka. Wazo hilo liliwapendeza wengi, kwa kuwa lililingana na nadharia iliyotawala wakati ule, kwamba kila jambo kubwa katika Afrika liliingizwa na watu wa jamii iliyoitwa ya Kihami.

Baadaye John Sutton alizichunguza alama hizo moja moja, na ustaarabu wa Azania ukayeyuka. Mashimo yaitwayo ya Sirikwa yalionekana kuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi, kila zizi likiwa karibu na nyumba ya mwenye mifugo. Hapakuwa na taifa la ajabu lililotoweka. Palikuwa na wafugaji na wakulima, ambao damu na ujuzi wao uliendelea katika jamii zinazoishi huko mpaka leo.

Mfano wa pili uko Uganda, kusini ya mto Katonga, mahali paitwapo Bigo bya Mugenyi. Hapo yako mahandaki yenye urefu wa jumla unaozidi kilometa 10, na mahali pengine yamekatwa katika mwamba kwa kina cha meta kadhaa. Uchunguzi wa Peter Shinnie mwaka 1957 na wa Merrick Posnansky mwaka 1960 uliyaweka katika karne za 14 na 15 hivi. Hili basi ndilo handaki la Zama za Kati hasa katika Afrika Mashariki. Jina lenyewe lina maana ya ngome ya mgeni, na mapokeo huihusisha ngome hiyo na Wachwezi, watawala wenye sifa za kimiujiza. Hata hivyo mabaki yaliyopatikana katika eneo hilo, ya Bigo na ya Ntusi iliyo jirani, yanatuonyesha watu wenye ng'ombe wengi, wenye kulima nafaka na kufinyanga vyungu. Yamkini mtawala alikuwa na sifa ya mgeni. Mikono iliyoshika jembe na kubeba udongo kutoka kilometa 10 za mahandaki haikuwa ya wageni wachache. Ilikuwa mikono ya umma.

Nilipoyasoma haya niliyakumbuka mahubiri yangu ya Ufipa. Huntingford alisema kazi hii si ya wenyeji, mimi nilisema wenyeji hawakuwa na kazi. Tofauti yetu ni ndogo.

3. Engaruka: mpaka ulioandikwa kwa mawe

Katika Tanzania mashamba ya kale yaliyohifadhiwa vizuri kuliko yote yako Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika Mkoa wa Arusha. Hapo, katika nchi kavu ambayo leo ni malisho kwa sehemu kubwa, zipo takriban hekta 2,000 za viwanja vya shamba vilivyogawanywa kwa mistari ya mawe, pamoja na mifereji iliyoyaleta maji kutoka vijito vya mlimani. Juu kidogo, kwenye mteremko, yako mahame ya vijiji. Louis Leakey aliyachunguza mwaka 1935. Baada yake walikuja wengine, na tarehe zilizopatikana kwa kupima kaboni ndani ya mkaa zinaonyesha kwamba watu walilima hapo kuanzia karne ya 15 hivi hadi karne ya 18.

Mambo mawili yanatuhusu. Kwanza, mpaka wa shamba la Engaruka haukuwa alama ya umiliki tu. Mawe yaliyopangwa yalizuia udongo usichukuliwe na maji, yakasawazisha kiwanja, na mahali pengine yalitega matope yaliyoletwa na mfereji mpaka yakawa shamba jipya. Mpaka ulikuwa chombo cha kazi. Pili, mfereji mmoja uliwahudumia watu wengi, kwa hiyo ilibidi pawe na mapatano: nani anywesheleze leo, nani kesho, nani azibue palipoziba. Hatuna maandishi ya mapatano hayo, lakini mawe yenyewe yanathibitisha kuwa yalikuwapo, kwani pasipo mapatano maji yasingefika kiwanja cha mwisho.

4. Tuta la Ufipa: alama inayojifuta

Sasa turudi Ufipa. Mtu anayesafiri kutoka Sumbawanga kwenda Matai hupita katika nchi iliyo wazi, yenye nyasi nyingi na miti michache, kwenye mwinuko unaozidi meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Hakuna hapa kuta za mawe kama za Engaruka wala mahandaki ya kilometa 10 kama ya Bigo. Msafiri mwenye haraka huweza kusema, kama nilivyosema mimi, kwamba hakuna kitu.

Lakini mzee wangu alitaja tuta, na tuta ndilo jibu. Kusini zaidi, katika nchi ya Wabemba, wakulima walikata matawi ya miti, wakayakusanya na kuyachoma, wakapanda ulezi katika majivu. Kilimo hicho huhitaji msitu, na huwalazimu watu kuhama msitu unapochoka. Wafipa hawakuwa na msitu wa kutosha. Wao, kama jirani zao Wamambwe, walitumia nyasi. Mvua zinapokaribia kwisha, udongo ungali laini, mkulima hukata magamba ya udongo pamoja na nyasi zake, huyarundika kwa mviringo nyasi zikielekea ndani, kisha hufunika kwa udongo. Ndani ya tuta nyasi huoza muda wote wa kiangazi, na juu yake huweza kupandwa maharage. Msimu ufuatao tuta hubomolewa, udongo wake mweusi hutandazwa, na ulezi hupandwa. Kwa lugha ya leo tungeiita mbolea ya mboji, iliyotengenezwa papo hapo shambani bila kubebwa hata hatua moja.

Roy Willis, aliyefanya utafiti wake Ufipa kuanzia mwaka 1962, aliona kwamba ujuzi huu ndio uliowawezesha Wafipa kuishi katika vijiji vya kudumu na kujenga dola juu ya uwanda usio na miti. Naye Joseph Thomson, msafiri aliyepita hapa mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kuwa watu wa kilimo kuliko wote aliowaona njiani. Hakuna kati yao aliyeona magofu makubwa. Waliona watu kazini.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo mwanafunzi wa historia asilipite upesi. Tuta hutengenezwa ili libomolewe. Kila mwaka mkulima huifuta kazi yake ya mwaka uliotangulia, na katika kuifuta huilisha ardhi. Ndiyo maana shamba la Ufipa halikuacha masalio kama ya Engaruka. Engaruka iliacha mawe kwa sababu watu waliondoka, Ufipa haikuacha kwa sababu watu walibaki. Tukiupima uzito wa watu kwa ukubwa wa magofu yao, tutawaheshimu walioshindwa kukaa kuliko waliofaulu.

Kilichobaki kwa wingi Ufipa ni masalio ya chuma, bila ambacho tuta lisingechimbwa. Matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, mengine yenye kimo cha meta 3 au zaidi, yalijengwa mara nyingi kando ya kichuguu, na yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto kabla ya kufuliwa jembe. Bertram Mapunda, aliyechunguza jambo hili katika miaka ya 1990, ameonyesha kwamba hapakuwa na namna moja tu ya uyeyushaji katika nchi hii: pwani ya Ziwa Tanganyika yamepatikana matanuri mafupi ya aina nyingine, yaitwayo Katukutu. Mavi ya chuma yaliyotapakaa mashambani ni ushuhuda kwamba jembe la Mfipa lilikuwa tendo la akili tangu mgodini hadi kwenye mpini.

5. Handaki: alama ya hofu

Vipi basi kuhusu mahandaki? Mahali pengi kusini-magharibi mwa Tanzania wazee huonyesha bonde jembamba linalozunguka hame la kijiji na kusema kwamba ni handaki la vita. Neno lenyewe la ngome ya namna hiyo limeenea katika lugha za nyanda za juu za kusini. Mji wa Iringa umepata jina lake katika neno la Kihehe lilinga, yaani ngome.

Hata hivyo tusikimbilie kuyaita mahandaki hayo ya Zama za Kati. Kwa sehemu kubwa vijiji vyenye maboma katika ukanda huu ni habari ya karne ya 19. Wangoni wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakasonga kaskazini hadi Ufipa, na Zwangendaba mwenyewe alifia huku, mahali paitwapo Mapupo, katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake watu wake waligawanyika na kutawanyika pande nyingi, na uvamizi haukukoma. Kisha zikaja misafara ya pembe na ya watumwa pamoja na bunduki zake. David Livingstone, alipofika mapema mwaka 1867 katika kijiji cha mtawala wa Wabemba, Chitapangwa, kusini ya Ziwa Tanganyika, alikuta boma la magogo la mizunguko mitatu, na mzunguko wa ndani ulilindwa pia kwa handaki pana lenye kina na kwa ua wa miiba. Hiyo ndiyo sura ya zama zile. Watu waliozoea kuchimba udongo ili kulisha ardhi walilazimika kuuchimba ili wasikamatwe.

Kwa hiyo tuta na handaki ni kazi za jembe lilelile, lakini haziandiki habari moja. Tuta linasimulia amani ya miaka mingi. Handaki linasimulia usiku mmoja unaoogopwa. Mhubiri anayesema kwamba kabla ya wamisionari palikuwa na vita tu amelitazama handaki akalisahau tuta. Na anayesema kwamba palikuwa na amani tu, naye amefanya kosa hilohilo kwa upande wa pili.

Je, mtu atajuaje umri na kazi ya handaki? Mwanaakiolojia hukata mkato mwembamba kulivuka handaki, kisha huzisoma tabaka za udongo ulioingia humo. Kilicho chini kabisa kiliingia karibu na wakati lilipochimbwa, na kilicho juu kilifuata. Kipande cha mkaa hupimwa kaboni, kigae hulinganishwa na vigae vingine, shanga ya kioo huonyesha kwamba biashara ya pwani ilikwisha kufika. Aidha hutazama udongo uliochimbuliwa ulirundikwa upande gani. Kwa kawaida handaki la ulinzi huzunguka makao na kuwa na tuta upande wa ndani, mtaro wa maji hufuata mteremko, na njia ya ng'ombe iliyoliwa na mvua haina tuta kabisa. Tena si kila tuta refu ni la kale. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa sehemu nyingi za Tanganyika kutengeneza makinga ya mmomonyoko, jambo lililoleta ghasia huko Uluguru mwaka 1955. Alama tunayodhani ni ya mababu wa kale huenda ni jasho la baba zetu wenyewe.

Umri si jambo la udadisi tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa kizingiti cha ulinzi wake. Handaki lililochimbwa wakati wa Zwangendaba laweza kuangukia upande mmoja wa mwaka huo, na lile lililochimbwa miaka 30 baadaye likaangukia upande mwingine, ingawa yanafanana machoni. Kwa hiyo anayelifukia handaki kabla halijachunguzwa hufuta pia jibu la swali la sheria.

6. Mpaka na mapatano

Mapokeo ya Ufipa yenyewe yanaanza na suala la mpaka. Kwa simulizi alizozikusanya Willis, mtawala wa kwanza wa Milansi, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni. Baadaye wakaja wanawake watatu wasafiri, wakaidai nchi. Jambo hilo liliishia katika mapatano. Wageni, waliokuwa chanzo cha ukoo wa kifalme wa Watwa (wasichanganywe na Watwa wawindaji wa misitu ya Kongo), walipata utawala wa nchi. Wenyeji wa Milansi walibaki na eneo lao na heshima ya kuwa wa kwanza. Ukoo wa Watwa uligawanyika baadaye, zikawapo falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Si lazima tuamini kila neno la simulizi hii ili kuona inachofundisha: mgeni anaweza kupewa mengi, lakini yuko aliyemtangulia, na haki yake haifutiki.

Hili halipaswi kuwa geni kwa msomaji wa Biblia. Torati inakataza kuusogeza mpaka wa jirani uliowekwa na waliotangulia (Kum. 19:14), na inamlaani afanyaye hivyo (Kum. 27:17). Mithali inairudia sheria hiyo na kuitia nguvu kwa ajili ya mashamba ya yatima (Mit. 23:10). Nabothi alikufa kwa sababu shamba kwake lilikuwa urithi, na kwa mfalme lilikuwa bustani ya mboga tu (1 Fal. 21). Katika Katekisimo Ndogo Martin Luther, alipofafanua ombi la mkate wa kila siku, alilihesabu shamba, na pamoja nalo majirani wema. Kanisa letu limewafundisha watoto maneno hayo kwa vizazi vingi. Shamba bila jirani mwema si mkate bado.

Na mpaka haulindwi na kumbukumbu isiyosimuliwa. Katika Yoshua 4 mawe 12 yaliwekwa ili watoto waulize maana yake na baba zao wawaeleze. Jiwe peke yake halisemi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi kutoka makao yao ya zamani, na pamoja na makao hayo waliziacha alama nyingi za mipaka ambazo wazee peke yao ndio waliozijua. Ardhi ilibaki na alama, vijiji vikabaki na watu, na kati ya hivyo viwili simulizi ilianza kukatika.

7. Yatupasayo wachungaji

Jambo hili linatugusa katika kazi yetu ya kila wiki. Mchungaji ni mtu anayeitwa panapotokea ugomvi wa shamba, hata kabla ya Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuketi. Sharika zetu nazo zina viwanja, na viwanja vina majirani. Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, kabla ya kuchimba msingi wa kanisa, nyumba ya mchungaji au shimo la kufyatulia matofali, tuwaulize wazee wa mahali hapo palikuwa nini. Tukiona vigae vingi, mavi ya chuma, mawe ya kusagia au handaki, tusimamishe kazi na tuiarifu ofisi ya utamaduni ya wilaya. Mavi ya chuma ni mazito na yanafaa kujazia msingi, lakini tukiyatumia hivyo tunajenga juu ya ukurasa uliochanwa.

Pili, tusimwambie mtu kwamba alama fulani ni ya kale, au si ya kale, kwa sababu jibu hilo linausaidia usharika katika shauri la kiwanja. Alama ya ardhi ni shahidi, na shahidi hasemeshwi.

Tatu, wanafunzi wetu wanaporudi nyumbani likizo wayaandike masimulizi ya wazee juu ya mahame na mipaka, kwa lugha ya wazee wenyewe, pamoja na jina la mahali na tarehe ya mazungumzo. Kazi hiyo haihitaji fedha, na kila mwaka unaopita inazidi kuwa ngumu.

Nne, tusafishe mahubiri yetu. Injili haihitaji kuazima giza ili ing'ae. Wamisionari walileta neno la Kristo, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Hawakuleta jembe Ufipa. Walilikuta likifanya kazi.

Hitimisho

Isaka, alipokaa katika bonde la Gerari, alivichimba tena visima vilivyochimbwa siku za baba yake na kufukiwa baada ya kifo chake, akavipa majina yaleyale aliyovipa baba yake (Mwa. 26:18). Hakuvidai kuwa vyake, wala hakusema vilichimbwa na majitu. Alijua nani alitangulia, akachimba palepale, na maji yakapatikana. Nadhani kazi ya mwanahistoria wa Kanisa katika nchi kama Ufipa ni ya namna hiyo.

Leo mahindi na mbolea ya viwandani vimechukua sehemu kubwa ya mashamba yaliyokuwa ya tuta na ulezi, na Rukwa imehesabiwa kwa miaka mingi kati ya mikoa inayoilisha nchi. Hilo ni jema. Lakini tuta lisipotengenezwa tena, halitaacha hata gofu la kutuambia kwamba lilikuwapo, kwa maana hiyo ndiyo tabia yake. Litabaki pale tu litakaposimuliwa. Mzee aliyeniuliza swali lake sikuonana naye tena. Kama angeniuliza leo, ningemjibu: "Mzee wangu, tuta hamkufundishwa na mgeni. Mlilifundishwa na waliowatangulia, nao walifundishwa na nyasi na njaa na akili waliyopewa na Mungu. Nisamehe kwa yale niliyoyasema." Na nisingeingia garini kabla ya kumwomba anionyeshe mpaka wa shamba lake ulipo.